Miti ya mtaa wetu hapa Mtwara: ruzuku ilileta miche, maji ya Oktoba tulitafuta wenyewe

#1 Mkaa Chikongola (mleta uzi)

Wanajamvi, salamu kwenu. Nimeahidi muda mrefu kuandika habari za miti ya mtaa wetu, na kila nikitaka kuanza naona bado mapema. Sasa tumevuka kiangazi cha pili na baadhi ya miti imeshanipita kimo. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Mtaa wetu uko Chikongola, Mtwara mjini. Wanaoujua mji huu wanajua barabara zake zilivyo pana. Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu, wakatandika reli kwenda Nachingwea. Karanga zikawashinda, reli ikafungwa mwaka 1962, jina likabaki kwenye kata ya Reli. Sisi tuliachiwa upana. Upana bila mti ni jua tupu. Saa saba mchana, mwezi wa kumi, mtoto anayetoka shule anatembea amebana ukuta kufuata kivuli cha upenu, na penye uwanja wazi anakimbia kwa sababu mchanga unachoma hata ukiwa na ndala.

Wazo lilianzia msibani. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai la kukodi, upepo hakuna, na mzee mmoja jirani akasema zamani msiba wa mtaa huu ulikaa chini ya mwembe, siku hizi kivuli tunakilipia kwa siku. Ile kauli ilituingia. Baada ya arobaini tukaitana barazani kwake, tukaanzisha kikundi cha watu 23, kina mama 14. Tukaomba ruzuku ndogo ya mazingira. Miezi ikapita, tukapata shilingi 3,600,000 kwa awamu mbili.

Sasa nisimulie tulivyoharibu, maana hapo ndipo penye faida kwenu.

Awamu ya kwanza tulipanda tarehe 1 Aprili 2023, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti. Tarehe yenyewe haina kosa. Kwa wenzetu wa Dar na Tanga, Aprili masika ndiyo imeshika. Lakini sisi wa kusini mvua yetu ni msimu mmoja: inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ikifika mwisho wa Aprili, ikizidi sana Mei, imekata. Kwa hiyo tulipanda mvua ikiwa inaaga. Mche ulipata wiki nne za maji, kisha kusi likaanza kuvuma na mchanga wetu huu haushiki unyevu hata siku mbili. Babu zetu wanaopanda mihogo na kunde wanaijua hesabu hiyo bila kalenda ya ukutani, na hata sisi tuliijua. Tulisubiri Aprili kwa sababu ndiyo siku ambayo wageni wangekuja.

Tena ilikuwa Jumamosi ndani ya Ramadhani. Wageni walichelewa, jua likapanda, watu wamefunga. Shimo lililopaswa kwenda chini futi 2 likaishia shibiri moja. Miche 120 tukaichomeka kwa saa mbili, picha zikapigwa. Shilingi 640,000 zilikwenda kwenye fulana, bango, viti na futari ya wageni. Risiti zote ninazo, na kila nikizitazama roho inaniuma.

Tarehe 7 Oktoba nilipita na daftari nyumba kwa nyumba. Miche hai ilikuwa 17. Nikang'oa mmoja uliokauka mbele ya nyumba yangu mwenyewe nione kulikoni. Ukatoka pamoja na kiriba. Plastiki nyeusi ilikuwa imechanwa upande mmoja tu, na ndani mizizi imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, haikuwahi kuugusa udongo wa Chikongola. Nilikaa nao mkononi muda mrefu. Na huo niliupanda kwa mikono yangu.

Mratibu wa mfuko uliotupa ruzuku alipokuja kabla ya awamu ya pili, wenzangu wengine walitaka tununue miche haraka tuzibe mapengo asijue. Mama mmoja mweka hazina akakataa kabisa, akasema yeye hatii saini uongo. Tukamwonyesha daftari lilivyo. Kusema kweli alikasirika. Lakini baada ya kuzunguka mtaa mzima kwa miguu akakubali tubadilishe bajeti: miche michache, uzio kwa kila mche, na tangi la lita 1,000.

Awamu ya pili tulianza tarehe 6 Januari 2024, mvua ikiwa imeshika. Hakuna mgeni, hakuna bango. Jumamosi tatu, kila Jumamosi kipande kimoja cha barabara. Mashimo 52 tu, futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, yamechimbwa wiki mbili kabla. Udongo wa juu tuliuweka pembeni, ukachanganywa na samadi, ndio uliorudi kwanza chini. Kiriba kinachanwa chote mbele ya mtu wa pili anayeshuhudia. Na kila mche ukaandikwa nyumba yake kwenye daftari: nyumba ya fulani, mche namba fulani, mkungu au mwarobaini. Tulipanda mikungu 20, miarobaini 12, miembe 8, mikwaju 4, na kule nyaya za umeme zinakopita chini tukaweka mipera na mistafeli 8, ili isije ikafika kwenye waya ikakatwa vichwa.

Hapo sasa ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuwa kwenye andiko la mradi. Kiangazi chetu si miezi sita iliyo sawa. Juni hadi Septemba watu wako nyumbani, ndoo inamwagwa. Mche unafia Oktoba na Novemba, na unafia kwa sababu ya korosho. Msimu ukifunguka, watu wanahamia mashambani kuokota: Nanyamba, Tandahimba, Newala. Baba, mama na watoto wakubwa wote wanakwenda. Mwaka ule nilihesabu nyumba 19 zenye kufuli kwenye mtaa wetu, kwa wakati mmoja, katika wiki zenye jua kali kuliko zote. Kila mche una nyumba yake, sawa, lakini nyumba haina mtu.

Bibi mmoja wa upande wa baharini ndiye aliyetufungulia njia, wala hakujua. Siku anaondoka kwenda shamba alibeba ndoo yake ya bluu, ile yenye mpini uliofungwa kamba, akampelekea jirani yake mlangoni: "Nakukabidhi na mti wangu." Jirani akapokea mbele ya watu, akaona haya kuuacha ufe. Tukaifanya desturi. Kila anayekwenda shamba anakabidhi ndoo. Si kwa simu, si kwa ujumbe wa kundi, ndoo yenyewe inapita mkono kwa mkono.

Desemba 2024 tukahesabu: 44 kati ya 52 iko hai.

Ulizeni, nitajibu.

#2 Tandahimba Kwetu

Mkuu hongera sana, nimesoma hadi mwisho. Swali langu: kwa nini hamkupanda mikorosho? Kivuli chake kizuri, haihitaji maji mengi, na mtu akiona kuna hela ndani yake ataulinda mwenyewe bila kukumbushwa.

#3 Mkaa Chikongola

Ndugu yangu, hilo lilijadiliwa mikutano miwili na karibu litugawe. Mkorosho unapendwa hapa kama mtoto. Lakini ili uzae sawasawa unahitaji kupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, kuanzia maua yanapotoka. Wewe wa Tandahimba unajua ule unga wa njano unavyokaa kooni na machoni. Sasa upulizie mbele ya mlango wa mtu, dirisha liko wazi, mtoto mchanga amelala ndani? Na usipopulizia, mti unachakaa na kuambukiza.

Pili ni ukubwa. Shambani nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, na matawi yanashuka hadi chini. Barabarani ungeziba njia, tukawa tunaukata kila mwaka.

La tatu ndilo lililomaliza mjadala. Mti wenye hela unaleta swali la ni wa nani. Nitalieleza zaidi huko chini kwa sababu lilitusumbua hata bila mikorosho.

#4 Mama wa Ligula

Mwanangu kazi nzuri. Mimi nimekaa chini ya mkungu miaka mingi, nikwambie yake. Kivuli chake hakina mfano, matawi yanatandaza kama mkeka juu ya mkeka. Lakini popo wanazipenda kungu kuliko watoto. Usiku wanazila na kuziangusha kwenye bati, pa! pa! pa! mpaka alfajiri. Mwezi wa kwanza nilidhani kuna mtu anarusha mawe, nikasoma dua zote ninazozijua. Majani nayo yakigeuka mekundu yanadondoka mengi kwa pamoja, unafagia asubuhi, adhuhuri umekuta zulia. Mkiupanda, uwe mbali na bati na mbali na shimo la choo, mizizi inatafuta maji.

#5 Mkaa Chikongola

Shikamoo mama. Ahsante, laiti ungekuwa mtaani kwetu. Habari ya popo tumeshaanza kuisikia kwa majirani wenye mikungu ya zamani. Tulipima hatua 5 kutoka ukutani, na penye choo karibu tuliweka mpera badala yake. Kwenye kufagia umesema kweli tupu. Majani yale sasa tunayarundika kwenye shina kama matandazo, yanazuia jua lisinyonye unyevu. Ila yasiguse shina lenyewe, mchwa hupandia hapo.

#6 Mchinga Moja

Wakuu mimi niko Lindi mjini, mtaa wetu unatazama bahari. Tumewahi kujaribu miembe mara mbili, majani yanaungua kando upande wa baharini kama yamepitishwa motoni. Nini kinahimili? Na je, ruzuku mliipataje, kikundi lazima kisajiliwe wapi?

#7 Mkaa Chikongola

Karibu jirani. Hiyo ni chumvi ya upepo. Mwembe mchanga hauiwezi ukiwa mstari wa mbele. Hapo mbele weka mkungu au mvinje, yote imezoea pwani, halafu miembe nyuma yake ikishapata ngao. Mvinje unamwaga miiba yake laini chini na nyasi hazioti vizuri tena, kwa hiyo si mti wa kila mahali, ila ufukweni hauna mpinzani. Mwarobaini nao unastahimili, lakini usiweke mwingi, ndege na popo wanasambaza mbegu zake na baada ya miaka michache unauona unajiotea kwenye kila pori la pwani. Sisi tuliishia 12.

Kuhusu ruzuku: kikundi chetu tulikisajili halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkawe na katiba, muhtasari wa mkutano wenye saini za wanachama, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, barua ya mwenyekiti wa mtaa na ya mtendaji wa kata. Miti ya barabarani inakaa kwenye hifadhi ya barabara, hivyo nendeni pia kwa wanaosimamia hiyo barabara. Kwa mitaa mingi ni TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Ulizeni na mamlaka ya maji mabomba yamepita wapi kabla hamjachimba hata shimo moja. Msichanganye ruzuku na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ile haina riba lakini inarudishwa, na mti wa kivuli hauwezi kulipa rejesho.

Jambo moja liandaliwe mapema: risiti. Mfuko ulitaka risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, kwa kila kitu. Sasa mama anayeuza samadi ya ng'ombe kwa gunia ana mashine gani? Kijana anayesuka uzio wa mianzi chini ya mwembe ana mashine gani? Tulipoteza wiki tatu. Mwishowe tukakubaliana na mratibu kwamba manunuzi madogo yaandikwe kwenye hati ya malipo yenye jina, saini au dole gumba, namba ya simu ya muuzaji, na shahidi. Ombeni hilo liandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo, msisubiri mkaguzi.

Na fomu yao ya taarifa ilikuwa na kisanduku cha "miche iliyopandwa." Kisanduku cha miche iliyo hai hakikuwemo. Tulikiongeza wenyewe kwa kalamu.

#8 Raia Mlipa Kodi

Nawapongeza ila naomba niseme linalonikera. Kupanda miti barabarani ni kazi ya manispaa. Tunalipa kodi ya majengo, tunalipa ushuru. Kila raia akianza kuifanya kazi hiyo kwa ndoo yake, nani atawabana wahusika? Halmashauri zina malengo ya miti mamilioni kila mwaka. Hiyo miti iko wapi?

#9 Mkaa Chikongola

Hoja yako naiheshimu na sehemu yake naikubali. Sisi hatukuacha kudai. Barua zetu za kuomba gari la maji ziko kwenye faili, na mwaka wa pili miche ilipatikana bila malipo kutoka kitalu cha umma, TFS, wakala wa misitu wa serikali, nao hutoa miche misimu ya upandaji, kwa hiyo serikali si kwamba haipo.

Lakini nifikirie hivi: gari la maji likipita mara mbili kwa mwezi, kwenye mchanga wetu, mche mchanga unakufa katikati ya safari ya kwanza na ya pili. Tulipima. Mche wa mwaka wa kwanza unataka lita 10 mara mbili kwa wiki. Kwa miche 52 ni lita 1,040 kila wiki, kuanzia Juni mpaka mvua. Maji hayo lazima yawe na mtu aliye hatua kumi kutoka kwenye mti. Manispaa tunaidai mitaro, taa, na isiruhusu mtu kukata. Ndoo ya Jumatano jioni siwezi kumdai mkurugenzi.

#10 Binti wa Mtaa Huohuo

Mimi naishi mtaa huohuo na mleta uzi ni kaka yangu kwa ujirani, namheshimu. Ila kaka kuna jambo umelipita haraka mno. Umeandika "ndoo inamwagwa." Inamwagwa na nani?

Oktoba ile ya 2024 nilikuwa na miti saba. Mmoja wetu, sita ya kukabidhiwa. Mama yangu alikuwa shamba, mimi nimebaki na mtoto na wadogo zangu wawili wa msingi. Tangi la kikundi lilikuwa linakauka siku tatu kwa wiki kwa sababu maji ya bomba yanakuja kwa zamu, tena usiku. Nilikuwa naamka saa nane kukinga. Tukamwagilia kwa maji ya kusuuzia nguo ile mara ya mwisho yasiyo na povu, maji ya kuoshea mchele, maji ya kuogea mtoto. Maji ya kuoshea samaki nilijaribu mara moja tu, paka na mbwa wakafukua shimo usiku kucha.

Wadogo zangu ndio waliogundua mambo ya chupa. Chupa ya lita moja na nusu unaitoboa kifuniko kwa sindano ya moto, unaikata kitako, unaizika kichwa chini kando ya mche, mdomo wa juu ubaki kidogo tu. Ukijaza inadondosha taratibu mpaka kesho yake. Mwanzo tuliziacha zimejitokeza, waokota chupa wakazing'oa zote asubuhi moja. Siwalaumu, nao wanatafuta. Tukazizika mpaka ukingoni na kuzifunika kwa majani.

Mkutano wa kuhesabu miti waliosimama kupigiwa makofi walikuwa viongozi wa kikundi. Mimi na wenzangu tulikuwa nyuma tunapika chai. Sisemi kwa ugomvi. Nasema kwa sababu mtu wa Lindi akisoma uzi huu akaunda kamati ya wanaume wanane, miti yake itakufa.

#11 Mkaa Chikongola

Dada yangu, nimesoma mara mbili. Ni kweli yote, na nilipaswa kuyaandika mimi. Miche yetu miwili mke wangu ndiye aliyeimwagilia, mimi nilikuwa na daftari. Naomba radhi hapa mbele ya watu, na mkutano ujao nitayasema hayohayo kwa mdomo. Wakuu wa Lindi, ukurasa huu wa dada ndio muusome kwanza.

#12 Nangurukuru Stendi

Salamu kutoka Kilwa. Sisi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupitia, barabara ya kusini ilikatika, magari yalilala njiani siku kadhaa. Nilichokiona: miti mikubwa iliyoanguka mingi ilikuwa ile yenye mizizi iliyokatwa upande mmoja kwa mtaro au ukuta. Mliwahi kufikiria upepo? Watu wa Mtwara na nyie mlikimbizwa na kimbunga Kenneth.

#13 Mkaa Chikongola

Pole sana kwa yaliyowakuta. Kenneth tunaikumbuka, Aprili 2019 watu walibeba magodoro wakihama sehemu za chini, kisha tarehe 25 ikageukia kwa ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Hidaya ilitukuta miche ina miezi minne tu. Mifupi ile haikupata shida, ila nguzo zake nyingi zililala. Tulijifunza kufunga mche na nguzo kwa kamba ya katani yenye nafasi ya kuchezacheza. Ukiubana kabisa shina linakuwa legelege, siku nguzo ikioza mti unainama.

Nguzo zenyewe mchwa walizimaliza ndani ya miezi mitatu. Sasa tunazichoma ncha kwenye moto mpaka ziwe nyeusi kabla ya kuchimbia. Oili chafu inasaidia zaidi lakini tuliikataa, inashuka kwenye mizizi.

Uzio ulitengenezwa kwa mianzi, kimo cha kifua, shilingi 6,000 kila mmoja. Watu waliona ghali kuliko mche wenyewe. Lakini mbuzi wa mjini hapa hawana mchungaji, na mbuzi hahitaji dakika. Miche 8 tuliyopoteza: miwili mbuzi waliingiza shingo penye mianzi iliyolegea, miwili mchwa, mmoja gari lilirudi nyuma, na mitatu ilifukuliwa na vibarua waliokuja kuchimba mfereji wa nyaya za mawasiliano. Waliichomoa asubuhi, wakailaza pembeni juani na uzio wake, jioni wakafukia mfereji wakaondoka. Hakuna aliyegonga mlango kuuliza. Tulipokwenda kwenye ofisi yao tukaambiwa tulete ushahidi kwamba ile ni miti yetu.

Hapo ndipo lile swali la umiliki likarudi.

Pwani hii mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na minazi yake mitano ndani ya shamba la mwenzake, na wote wanajua. Mti wa kudumu ni alama ya haki. Ndiyo maana mzee mmoja mtaani alikataa katakata tusipande mbele ya nyumba yake. Tulidhani anaogopa majini, kwa sababu ulikuwa mkwaju, na mikwaju ina maneno yake. Nikaenda peke yangu baada ya swala ya alasiri. Akaniambia taratibu: ana mgogoro wa mpaka na jirani tangu zamani, na mti ukikua pale, miaka kumi ijayo mmoja wao atasimama barazani kwa mwenyekiti aseme mpaka unaishia kwenye mkwaju. Hakuwa na kosa hata kidogo.

Tukaitisha mkutano wa mtaa, tukaandika kwenye muhtasari: miti hii iko kwenye eneo la barabara, haithibitishi mpaka wa kiwanja cha mtu yeyote, matunda ni ya nyumba inayomwagilia, hakuna kukata bila ofisi ya mtaa. Mwenyekiti akagonga muhuri. Mzee akatia saini wa kwanza, tukampandia mstafeli badala ya mkwaju, na mwaka uliofuata muhtasari huohuo ndio tuliowapelekea wale wa mfereji.

#14 Tandahimba Kwetu

Wakalipa?

#15 Mkaa Chikongola

Walileta miche mitatu, tena mizuri. Fidia ya mwaka mzima wa ndoo hawakuwa na namna ya kuihesabu.

#16 Mchinga Moja

Mkuu nimeuchapisha uzi huu, nitausoma kwenye kikao chetu Jumapili. La mwisho: mwarobaini tunaweza kuotesha wenyewe kupunguza gharama?

#17 Mkaa Chikongola

Mnaweza, ila msiweke mbegu kabatini. Mbegu ya mwarobaini inapoteza uhai ndani ya wiki chache. Okoteni zilizoiva njano, ondoeni nyama, osheni, anikeni kivulini, pandeni mapema. Kokwa za kungu na embe nazo zipandwe zikiwa mbichi hivyohivyo. Mkwaju ndio wenye subira, mbegu zake zinakaa, ila ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya moto yaliyoachwa yapoe. Kitalu kianzwe mapema ili Desemba mche uwe kimo cha goti.

Na jana jioni nimepita tena na daftari kabla ya kujibu hapa. Iko hai 46, pamoja na ile mitatu ya fidia. Mkungu namba 14 una tabaka tatu za matawi, na fundi baiskeli ameshahamishia benchi lake chini yake. Ule wa namba 31 mbele ya duka umekatwa wiki hii, mwenye duka anasema ulificha maandishi yake. Kikao ni Jumamosi, yeye mwenyewe ameitwa, na bibi wa ndoo ya bluu amesema atafika mapema akae mbele.